Kuunda Kigunduzi cha Myuoni cha Kubebeka na Kuthibitisha Kwamba Kinahesabu Myuoni

Usawa wa bahari, kila sentimeta mraba ya uso uliolala hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi. Chembe hizi huzaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, pale protoni na viini vingine kutoka anga za mbali vinapogonga viini vya hewa na kutoa pioni, nazo pioni zikavunjika kuwa myuoni. Zinafika chini zikiwa na wastani wa GeV 4 (GeV ni elektronivolti bilioni moja, MeV ni milioni moja), nishati inayotosha kupenya paa, dari na meza kwa urahisi. Kwa hiyo kuzinasa si kazi ngumu: bamba la plastiki maalumu na kihisi cha mwanga vinatosha. Kazi ngumu ni kuwa na hakika kwamba kilichohesabiwa ni myuoni.

Bamba moja peke yake halitoi hakika hiyo. Bamba la sm 5 kwa 5 lililolazwa hupitiwa na myuoni 25 hivi kwa dakika, lakini ukiliwasha ndani ya nyumba litakuonyesha mara kadhaa ya idadi hiyo. Ziada hiyo ni gama (miali yenye nishati kubwa) za potasiamu-40 na za ukoo wa urani na thoriamu zilizomo kwenye matofali, zege na udongo. Ukihama kutoka chumba cha mbao kwenda cha mawe, hesabu ya bamba moja inaweza kupanda ilhali myuoni zimepungua, kwa sababu kuta nzito hupunguza myuoni na papo hapo huleta gama.

Dawa ni ileile ambayo Bruno Rossi aliitengenezea saketi ya vali mwaka 1930: kuhesabu pale tu vigunduzi viwili vinapoitika kwa pamoja. Myuoni hupita mabamba mawili yaliyoachana sm 10 katika muda usiofika nanosekunde moja. Gama huacha mmweko katika bamba moja, kisha hufyonzwa au hukengeuka, na ni nadra iache nishati ya kutosha katika yote mawili. Ndiyo maana kifaa kinachoelezwa hapa ni cha mabamba mawili tangu mwanzo. Anayeanza na moja kwa nia ya kuongeza la pili baadaye hujikuta anaunda saketi mara mbili.

Vitu vya kutafuta

Plastiki ya sintileta, yaani inayotoa mmweko wa mwanga chembe inapoipita, ndiyo moyo wa kifaa. Aina za polivinilitoluini, kama BC-408 au EJ-200, hutoa karibu fotoni 10,000 za bluu kwa kila MeV moja iliyoachwa ndani yake, na mmweko wake huzimika ndani ya nanosekunde chache. Akriliki ya kawaida inafanana nayo kabisa kwa macho lakini haifai. Imulike kwa tochi ya urujuanimno: sintileta hung'aa bluu kali, akriliki haing'ai hivyo.

Unene usiwe chini ya sm 1, na sababu yake inafaa kueleweka. Myuoni inayopita wima katika sm 1 ya plastiki huacha MeV 2 hivi. Gama ya potasiamu-40, yenye MeV 1.46, haiwezi kumpa elektroni mmoja wa plastiki zaidi ya MeV 1.24 katika mgongano mmoja. Kwa unene wa sm 1, basi, myuoni zinasimama juu ya sehemu kubwa ya gama. Kwa unene wa sm 0.5 zinaacha MeV 1 tu na kuzama katikati ya kelele hiyo. Unene wa sm 2 unatenganisha vizuri zaidi, kwa gharama ya uzito kidogo.

Orodha ya kifaa cha mabamba mawili:

- mabamba mawili ya sintileta, sm 5 × 5 × 1 (la tatu litahitajika kwa siku chache wakati wa kupima ufanisi);
- vihisi viwili vya mwanga vya silikoni vya mm 6 × 6, ambavyo wauzaji huviandika SiPM, kwa mfano MicroFC-60035;
- kipandisha volti kutoka V 5 hadi V 29, chenye marekebisho;
- amplifaya ya kasi yenye njia mbili, kama LT1807;
- kilinganishi cha kasi chenye njia mbili, kama TLV3502 (huitika pigo linapovuka volti ya kikomo, yaani kizingiti);
- chipu ya 74HC123 moja (hutoa pigo la upana maalumu) na ya 74HC08 moja (huitika mapigo mawili yanapokutana);
- rejeleo la volti la V 2.5, kama LM4040, na potenshometa mbili za mizunguko mingi za kΩ 10;
- Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta), moduli ya saa DS3231, kihisi cha joto na shinikizo cha BME280 na kisomaji cha kadi ya kumbukumbu;
- tepu nyeupe ya PTFE ya mafundi bomba, foili ya alumini, tepu nyeusi ya umeme, grisi safi ya silikoni.

Mradi wa CosmicWatch ulioanzia MIT ulieneza muundo wa bamba la vipimo hivihivi, pamoja na kihisi cha silikoni na Arduino Nano, na michoro yake iko wazi kwa wote. Tofauti ya mpangilio huu ni kwamba uamuzi wa matukio ya pamoja unafanywa na saketi yenyewe badala ya kuachiwa programu. Faida yake itaonekana kwenye hesabu hapo chini.

Kuandaa plastiki

Vaa glavu tangu unapofungua pakiti. Mafuta ya vidole huleta nyufa nyembamba kama nywele juu ya plastiki, na ufa ukishaingia hautoki. Ukikata bamba mwenyewe, tumia msumeno wa meno madogo, kwa mwendo wa polepole, kisha piga msasa wa maji namba 600, 1000, halafu 2000, ukimalizia kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini. Joto ni adui: plastiki ikianza kunata kwenye kitambaa, pumzika. Safisha kwa maji yenye sabuni kidogo au alkoholi. Asetoni, tina na vimumunyisho vya rangi usivisogeze karibu kabisa, vinaifanya plastiki kuwa na ukungu papo hapo.

Toboa matundu mawili madogo ya skrubu zitakazoshika bodi ya kihisi. Tumia keekee kwa kasi ndogo, toa ncha kila baada ya milimita mbili na upulize vumbi. Ukiharakisha, plastiki inayeyuka, inaganda juu ya ncha, kisha bamba linapasuka.

Sasa funga. Kwanza zungusha tepu nyeupe ya PTFE matabaka matatu au manne, ukiacha dirisha la mm 7 kwa 7 mahali pa kihisi. Tepu hii haina gundi, na hilo ndilo tunalolitaka. Mwanga mwingi ndani ya bamba husafiri kwa kuakisiwa kikamilifu kwenye mpaka wa plastiki na hewa, kila unapofika mpakani kwa pembe inayozidi digrii 39. Ukigandisha foili kwa gundi unaondoa tabaka la hewa, na sehemu kubwa ya mwanga hupotea. Juu ya PTFE weka foili tabaka moja, kisha tepu nyeusi matabaka mawili yanayopandana nusu kwa nusu. Pembe za bamba ndiko mwanga unakopenya mara nyingi, kwa hiyo ziongeze vipande vya ziada.

Foili isifike kwenye bodi ya kihisi. Hapo kuna V 29, na kipande kidogo cha foili kikigusa nukta mbili za lehemu kitaua usambazaji wa umeme, au kibaya zaidi, kitagusa na kuachia kila kifaa kinapotikiswa. Hitilafu ya namna hiyo hutafutwa wiki nzima. Acha ukingo wa mm 5 usio na foili, ufunike kwa tepu nyeusi tu.

Kihisi na volti yake

Kihisi cha silikoni ni maelfu ya vijidayodi vidogo vinavyofanya kazi juu kidogo ya volti ya kuvunjikia, yaani volti ambayo juu yake fotoni moja inatosha kuamsha mkondo. Kwa MicroFC-60035 volti hiyo ni kati ya V 24.2 na 24.7, na kihisi hufanya kazi vizuri kwa V 2.5 hadi 5 juu yake. Anza na V 28. Ukipandisha hadi 29 unapata mwanga zaidi na kelele zaidi. Kuvuka V 5 za ziada hakuna faida.

Viunganishi vya kihisi hiki viko chini ya tumbo lake, hivyo chuma cha kulehemu cha kawaida hakivifikii. Tumia krimu ya lehemu na hewa ya moto, au ununue kikiwa tayari juu ya bodi ndogo. Kabla ya kuwasha, hakikisha kathodi na anodi kwa multimita katika hali ya dayodi.

Volti ipitie rezista ya kΩ 10, kisha kapasita ya nF 100 kwenda ardhini, ndipo ifike kwenye kathodi. Rezista hiyo ina kazi mbili: inachuja mitetemo ya kipandisha volti, na inakiokoa kihisi. Ukifungua kasha mchana kwa bahati mbaya kifaa kikiwa kimewashwa, mkondo hauwezi kuvuka mA 3. Bila rezista, kihisi huungua. Toka kwenye anodi weka rezista ya Ω 50 kwenda ardhini, na ishara ichukuliwe hapo.

Tone dogo la grisi ya silikoni, la ukubwa wa punje ya mtama, liwekwe katikati ya uso wa kihisi, kisha kibonyezwe polepole kwenye bamba hadi grisi isambae bila viputo. Kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko kila upande. Kiputo kimoja kikubwa kinaweza kukupokonya nusu ya mwanga, na dalili yake ni bamba moja kuwa na ishara ndogo kuliko mwenzake kwa volti ileile.

Saketi

Kati ya fotoni 20,000 za myuoni, kihisi huishia kunasa makumi kadhaa tu, kwa kuwa kinafunika sehemu ndogo sana ya uso wa bamba. Hizo kwenye Ω 50 hutoa pigo la milivolti kumi na zaidi, linalodumu nanosekunde mia moja na ushei. Pigo hilo ni fupi mno kwa amplifaya za kawaida. LM358, ambayo hupatikana kila mahali, ina upana wa MHz 1 hivi na italimeza pigo lote. LT1807 ina MHz 325. Ukiipa ukuzaji wa 21 (rezista ya kΩ 2 juu, Ω 100 chini, ingizo lisilopindua) bado unabakiwa na upana wa kama MHz 15, na pigo linatoka likiwa na mamia ya milivolti.

Kutoka hapo ishara inaingia kwenye kilinganishi. Upande wa pili wa kilinganishi unapata kizingiti: V 2.5 za rejeleo, rezista ya kΩ 15, kisha potenshometa ya kΩ 10 kwenda ardhini, ambayo inakupa marekebisho kutoka 0 hadi V 1. Usitoe kizingiti moja kwa moja kwenye V 5 ya USB. Volti ya pawabenki huyumba kadiri chaji inavyopungua, na kizingiti kitayumba nayo bila wewe kujua.

Kilinganishi kinaamsha nusu moja ya 74HC123, inayotoa pigo la upana maalumu. Lenga mikrosekunde 1. Rezista ya kΩ 10 na kapasita ya pF 100 ni pa kuanzia, lakini kwa kapasita ndogo namna hii upana hutegemea mtengenezaji na urefu wa nyaya zako, kwa hiyo upime kwa oskiloskopu kisha urekebishe. Mapigo ya njia mbili yakutane kwenye 74HC08. Tokeo lake ndilo tukio la pamoja.

Faida ya saketi kuamua ni hii. Matukio ya bahati nasibu, ambapo gama mbili zisizohusiana zinagonga mabamba mawili kwa wakati mmoja, hutokea kwa kiwango cha 2 × upana wa pigo × hesabu ya bamba la kwanza × hesabu ya bamba la pili. Kwa mabamba yanayohesabu 3 kwa sekunde kila moja, na pigo la mikrosekunde 1, unapata 0.000018 kwa sekunde, yaani moja au mbili kwa siku nzima. Programu inayosoma volti kwa zamu na kuruhusu dirisha la milisekunde 1 inakupa moja kwa dakika. Mabamba yakiwa yameachana sm 10, myuoni halisi ni 2 hivi tu kwa dakika. Theluthi ya data ingekuwa uongo.

Kila chipu ipate kapasita yake ya nF 100, karibu na miguu ya umeme, milimita chache tu. Kilinganishi cha kasi kisicho na kapasita karibu hujiimbisha chenyewe, na utaona maelfu ya hesabu hata kihisi kikiwa kimezimwa. Njia mbili zitenganishwe na uwanda wa ardhi kwenye bodi. Zikipita sambamba, pigo la moja litaiamsha nyingine na kila gama itahesabiwa kama myuoni.

Programu

Peleka tukio la pamoja kwenye D2, bamba la kwanza kwenye D3, na la pili kwenye D5, ambayo ni ingizo la kihesabio cha ndani cha Timer1. Zote tatu zinaona pigo la mikrosekunde 1 bila shida. Hesabu za mabamba moja moja usiziache, hata kama si myuoni: ndizo zitakazokuambia kihisi kimeanza kuharibika au mwanga umeingia.

Vihesabio vinavyobadilishwa ndani ya katizo vitangazwe `volatile`, na kabla ya kunakili kihesabio cha biti 32 zima makatizo kwa `noInterrupts()`, nakili, kisha uyawashe. Chipu hii ni ya biti 8 na inasoma namba kubwa vipande vinne. Tukio likiingia katikati ya usomaji, unapata namba ya ajabu mara moja katika siku kadhaa, na ni vigumu sana kuigundua baadaye.

Andika kwenye kadi mstari mmoja kwa dakika: muda, hesabu tatu, joto, shinikizo la hewa, volti ya kihisi. Muda utoke kwenye DS3231. Bodi nyingi za Nano hutumia kirezoneta cha kauri, ambacho kinaweza kukosea hadi nusu asilimia, na kosa hilo linaingia moja kwa moja katika hesabu yako kwa dakika. DS3231 hukosea sehemu mbili tu katika milioni.

Kuweka kizingiti

Hapa ndipo kifaa kinapokuwa kizuri au kibaya, kwa hiyo usikimbilie. Weka mabamba moja juu ya jingine. Anza kizingiti cha bamba la juu kwenye mV 30, soma hesabu kwa sekunde, pandisha mV 20, soma tena, hadi mV 500. Kisha chora kwa skeli ya logi.

Utaona sehemu tatu. Kwanza ukuta unaoporomoka: hapa unaona kelele ya giza ya kihisi (mapigo kinayotoa bila mwanga wowote), ambayo kwa kihisi cha mm 6 hutokea zaidi ya mara milioni kwa sekunde, lakini kwa kijidayodi kimoja kimoja. Mapigo hayo madogo yanaporundikana mawili matatu hufanana na pigo dogo la kweli. Baada ya ukuta kuna mteremko wa wastani wa hesabu chache kwa sekunde, ambao ni gama. Mwisho kuna mkia mrefu wa myuoni.

Sasa rudia zoezi hilo ukiangalia hesabu ya pamoja. Mchoro huu una tambarare: baada ya ukuta wa kelele, hesabu ya pamoja inabaki karibu ileile kwa mamia ya milivolti, halafu inaanza kushuka kizingiti kinapofikia pigo la kawaida la myuoni. Kaa katikati ya tambarare, ukielemea upande wa chini. Hapo mabadiliko madogo ya joto au volti hayagusi matokeo. Fanya vivyo hivyo kwa bamba la pili. Usilazimishe vizingiti viwili vilingane kwa milivolti, kwa kuwa mabamba na grisi havilingani. Iwapo hakuna tambarare yoyote, mwanga unaofika kwenye kihisi ni mdogo mno: fungua uangalie grisi na ufungaji kabla ya kuongeza volti.

Kuthibitisha

Jaribio la kwanza ni la mwanga. Zima taa, subiri hesabu ya bamba moja itulie, kisha pitisha tochi kali polepole kwenye kila ukingo na pembe. Hesabu ikiruka mahali fulani, ongeza tepu hapo.

La pili ndilo muhimu kuliko yote. Weka mabamba kando kwa kando mezani, yakiwa yameachana sm 30. Hesabu ya pamoja inatakiwa kuporomoka hadi karibu na sifuri, ikibaki matukio machache ya manyunyu, ambapo chembe nyingi za asili moja huanguka kwa pamoja. Ikibaki kubwa, saketi inajidanganya. Zima volti ya kihisi kimoja: kama matukio ya pamoja bado yapo, ni umeme unaoruka kutoka njia moja kwenda nyingine au kelele inayoingia zote mbili. Simu inayotafuta mtandao karibu na kifaa na chaja za bei rahisi ndizo washukiwa wakuu. Hifadhi muda kati ya tukio na tukio, uchore mgawanyo wake: myuoni hufuata mkunjo laini unaoshuka kieksponenshali, na kelele ya umeme wa gridi ya Hz 50 huonekana kama vilele kila milisekunde 10 au 20. Kasha la chuma lililounganishwa na ardhi ya saketi humaliza tatizo hili kwa kiasi kikubwa.

La tatu ni ufanisi. Weka bamba unalolipima katikati ya mengine mawili. Kila mara la juu na la chini yanapoitika pamoja, chembe imepita katikati pia, alimradi bamba la katikati limepangwa sawasawa nayo. Gawanya matukio ya watatu kwa matukio ya wawili wa nje. Ukipata 470 kati ya 500, ufanisi ni asilimia 94, na kosa lake ni asilimia 1 hivi. Ukipata chini ya 85, kizingiti kiko juu mno au bamba limehama.

Mpangilio kwa kila kipimo

Umbali kati ya mabamba huamua unapima nini. Yakibanana, kifaa hupokea chembe kutoka karibu pande zote za juu, na hesabu ya pamoja huwa kati ya 10 na 20 kwa dakika, kutegemea unene wa makasha. Yakiachana sm 10 kati ya nyuso, kifaa huona koni nyembamba ya digrii 27 hivi kila upande wa mhimili, na hesabu hushuka hadi 2 hivi kwa dakika.

Kosa la takwimu ni kipeuo cha pili cha idadi iliyohesabiwa. Matukio 100 yana kosa la asilimia 10, na 10,000 asilimia 1. Panga muda kabla ya kuanza, usisubiri grafu ipendeze. Tuseme unataka kutofautisha sehemu mbili zinazopishana kwa asilimia 5, na tofauti hiyo iwe mara tatu ya kosa lake: unahitaji matukio 7,200 kila mahali. Kwa hesabu ya 15 kwa dakika ni saa 8. Kwa hesabu ya 2 kwa dakika ni saa 60. Kwa hiyo ukilinganisha ghorofa na ghorofa, au juu na chini ya ardhi, banisha mabamba. Yatenganishe pale tu mwelekeo ndio unaoutafuta.

Kupima kwa pembe ni zoezi zuri la kwanza. Kiwango cha myuoni hufuata takriban mraba wa kosini ya pembe kutoka wima: digrii 45 hubakiza nusu, 60 hubakiza robo. Robo ya hesabu inataka muda mara nne ili kosa la asilimia libaki lilelile. Tumia pima-maji au kihisi cha mwinamo, na usitarajie sifuri kwa digrii 90, kwa kuwa kifaa bado kinaona sehemu ya anga iliyo juu ya upeo kwa pande zote mbili.

Kwa vizuizi, kadirio la haraka ni MeV 2 kwa kila gramu ya maada kwenye sentimeta mraba moja. Mita moja ya mwamba hugharimu nusu GeV, mita 10 za maji GeV 2. Sakafu moja ya zege ya sm 20 hugharimu GeV 0.1 tu, na tofauti yake ni ndogo mno kuonekana kwa kipimo cha saa moja. Piramidi ya Khufu, ambako mradi wa ScanPyramids ulitangaza uwazi mkubwa mwaka 2017, ilipimwa kwa vigunduzi vikubwa zaidi na kwa miezi mingi.

Matukio ya pamoja yana sehemu ya elektroni pia, hasa hewani. Bamba la risasi la sm 5 katikati ya mabamba huzizima, ilhali myuoni hupoteza MeV 64 tu humo. Kipande cha sm 10 kwa 10 kina uzito wa karibu kilo 6, basi kibaki nyumbani isipokuwa kipimo kinakidai. Kifungwe kwa tepu na unawe mikono baada ya kukishika.

Joto huhamisha volti ya kuvunjikia kwa mV 21.5 kwa kila digrii. Mchana na usiku vikipishana nyuzi 20, ziada ya V 4 hubadilika kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na ishara nayo vivyo hivyo. Kasha jeupe kivulini, na kizingiti kilicho kwenye tambarare, vinatosha kwa kazi nyingi. Shinikizo la hewa nalo lina mchango: likipanda hPa 10, myuoni hupungua asilimia 1 hadi 2. Kipimo cha wiki kisicho na safu ya shinikizo hakiwezi kusahihishwa baadaye.

Safarini

Kifaa kizima hula W 0.3 hivi, na pawabenki ya mAh 10,000 hukiendesha takriban saa 100. Tatizo la kawaida ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, zikidhani simu imejaa. Tafuta yenye hali ya mkondo mdogo, au ongeza rezista ya Ω 100 yenye W 0.5 kati ya V 5 na ardhi ili kuongeza mA 50, ukikubali kwamba muda wa matumizi utapungua takriban nusu.

Bamba na bodi yake vishikwe kama kitu kimoja, vikizungukwa na sponji. Mtikisiko wa barabara hulegeza kihisi kutoka kwenye grisi, na hesabu hushuka pole pole bila kelele yoyote ya kukuonya. Kila unapofika, kabla ya kipimo kipya, hesabu dakika 30 mabamba yakiwa yamebanana na uandike matokeo pamoja na hesabu za bamba moja moja. Kwenye ndege, pawabenki hukaa kwenye mzigo wa mkononi, na nyaya pamoja na foili huvuta macho ya wakaguzi. Beba kasha linalofunguka kwa urahisi na mchoro wa saketi uliochapishwa, na uombe ruhusa ya wahudumu kabla ya kukiwasha.